Makasi ya mama na jiwe la kunolea

Juma lililopita, katika duka moja la vyombo vya chuma huko Kamalondo, nilisimama nyuma ya mwanamke mshonaji. Alifungua kitambaa juu ya meza, akatoa makasi kubwa nyeusi iliyoanza kutafuna nguo badala ya kuikata.

“Ilikuwa ya mama yangu,” akamwambia muuzaji, mwanamke wa makamo. “Kesho nakata robe ya bibi arusi. Unipe ile mashini ya kunolea.”

Muuzaji hakuigusa mashini. Alipitisha kidole polepole kwenye makali ya makasi, kisha akachukua jiwe dogo la kunolea.

“Hapana, mama. Ile iko ya mapanga. Itapasha hii chuma moto, italegea, ukali hautakaa tena. Kamata hili libwe ndogo, ulilowanishe maji. Unoe huku inje tu, ufuate mulalo wake. Ndani usiguse.”

Akamwacha anoe mwenyewe, akimnyoosha mkono kila ulipopotoka. Kisha akampa kipande cha kitambaa chepesi. Makasi ikapita mpaka kwenye ncha bila kusita. Mshonaji akafunika mdomo, machozi yakimlengalenga.

“Aksanti sana, mama. Ungeniuzisha tu ile mashini, singejua.”

“Wewe haungejua. Miye ningejua.”

Nimekwisha kuuziwa vitu vingi visivyonifaa na watu wenye tabasamu pana. Yule mama hakutabasamu hata mara moja, nami tangu siku ile namshukuru kana kwamba makasi ilikuwa yangu.