Baba Mkwe na Mashine Mpya ya Gemu

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mzima mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche, lakini mtajie gemu ya mpira uone anavyolegea. Mimi gemu sizijui wala sitaki kuzijua. Nilihamia kwake mkewe alipofariki, nikaikuta mashine chini ya tivii, inavuma kama grenda, na kila ikipata joto picha inaganda mpira ukiwa hewani.

Mashine mpya ilipoingia dukani, nyumbani hatukuwa na habari nyingine. Alikwenda kuijaribu, akarudi anasimulia nyasi za uwanja. "Unaona hadi jasho la mchezaji," akaniambia. Nikamjibu la kwake linatosha, akaoge. Pesa alikuwa nazo, ila kila akifika mlangoni pa duka anageuza.

Sababu ilikuwa baba mkwe wake, kinyozi aliyeacha kazi ghafla bila kutuambia kwa nini. Kila Jumapili mzee huyu huja kucheza naye. Marehemu wifi yangu ndiye aliyemfundisha vitufe, kimoja kimoja, na hata baada ya mazishi mzee hakuacha kuja. Wawili hawa wakikaa bila kitu mkononi, salamu zikiisha wanabaki kuangalia zulia. Heshima ya ukwe imewafunga midomo. Wakishika pedi za kuchezea gemu tu, utani unaanza, na katikati ya mchezo utasikia wanamtaja wifi kana kwamba yuko jikoni. Mashine mpya ina pedi nyingine. Kaka aliogopa kwamba mzee akishindwa ataona aibu, atatafuta visingizio, na asije tena. Hakuniambia hivyo, lakini huyu nimekua naye.

Uvumilivu ukaniisha. Jumapili iliyofuata nikatua chai mezani, nikasema, "Baba, mwenzako anataka mashine mpya, anaogopa vitufe vitakusumbua."

Kaka akanikata jicho. Mzee akaweka pedi gotini. "Nunua tu, mwanangu, usinihofie. Mimi mpira wenyewe siuoni tangu nianze kucheza."

"Huuoni kivipi, baba?" kaka akauliza. "Jumapili iliyopita si ulinifunga mawili?"

"Hata mimi nilishangaa."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Kaka hakucheka. "Sasa kama huoni, huwa unakuja kufanya nini?"

Mzee akaipapasa ile pedi gotini. "Binti yangu hayupo. Bila gemu, nitasema nimefuata nini kwako?"

Mimi nikajifanya nafuta meza. Kaka alisimama, akalishika kochi na mzee akiwa juu yake, akalivuta hadi magoti ya mzee yakakaribia kugusa tivii. Akasema, "Hapa ni kwako, baba. Hata hii tivii ikiungua, wewe njoo."

Mzee akainama, akakodoa macho kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Kumbe mimi ndiye mwenye jezi nyekundu," akasema.

"Tangu siku ya kwanza, baba. Mwanao ndiye aliyekuchagulia."

Mzee akapitisha kidole taratibu juu ya yule mchezaji mwekundu. "Basi hiyo mpya iache kwanza."

"Nimeshaiacha," kaka akasema, akamrudishia pedi mkononi.