Maharage ya Dakika Arobaini

Mpaka leo sijui baba yangu alikufaje huko Chunya, na ukiniuliza kosa ni la nani, nitakwambia ni la sufuria. Halafu nitajikuna kichwa, nitakubali kwamba sufuria haina kosa. Sufuria ilifanya ilichoambiwa. Mwenye kosa ni yule aliyekuwa anaiambia, kakaa kwenye stuli Mwanjelwa, anabonyeza simu kama mkurugenzi.

Ngoja nianze vizuri, maana nina tabia ya kuanzia katikati. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa ananiandikia kwa wino mwekundu, "Mwanzo uko wapi?" Mimi nikaishia kidato cha pili, kwa hiyo huo mwanzo hatukuuona, si yeye si mimi.

Mama yangu ni Mhehe wa Iringa, kijijini kabisa, ukishuka kwenye lami unatembea mpaka unaanza kujiuliza kama kweli ulizaliwa huko. Goti lilianza kumsumbua, nikamchukua aje kukaa na sisi Mbeya, Ilomba. Tumepanga vyumba viwili, uani tunatumia na wapangaji wengine. Mke wangu ni msusi, anatoka asubuhi anarudi vidole vimekakamaa hata kikombe hashiki vizuri. Mimi ni fundi simu, nina meza sokoni Mwanjelwa. Basi mama akatuangalia siku mbili tatu tunavyohangaika na chipsi za kununua, siku ya nne akasema, "Nipeni jiko."

Sasa mama yangu alikuwa hapiki maharage, alikuwa anayalea. Anayachambua kwenye ungo, moja moja, yaliyotobolewa huku, vijiwe huku. Anayaosha mara tatu. Anabandika kwenye jiko la mkaa pale uani, anavuta kigoda, anajifunga kitenge mabegani kwa sababu ya baridi yetu hii, anakaa. Saa tatu, saa nne za kukaa. Kila baada ya muda anafunua, ananusa, anaongeza maji ya moto kidogo kwa kikombe, anafunika. Chumvi mpaka mwisho kabisa. Ukiweka chumvi mapema alikuwa anakuangalia kama umetukana.

Na ule moto ukawa wa nyumba nzima. Jirani yetu mmoja, mama wa Kinyakyusa wa chumba cha pembeni, alikuwa anakuja na sufuria yake ndogo. "Bibi, ugonile! Ukimaliza hayo, niachie makaa nichemshe maji."

"Kamwene, mwanangu. Kaa kwanza."

Mmoja anasalimia Kinyakyusa, mwingine anajibu Kihehe, wote wanaelewana. Jirani alikuja kuomba moto, anaondoka baada ya saa nzima, maji hata hajabandika.

Lakini nilikuwa nasema habari za baba. Baba alikwenda Chunya kuchimba dhahabu mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Hakurudi. Utoto wangu wote nikimuuliza mama, jibu lilikuwa moja: "Alikufa Chunya." Ukiuliza tena anasimama, anatafuta kitu cha kufanya. Mama si mtu wa kuongea uso kwa uso. Ukimkalisha kwenye kochi ukamwambia "Mama, nieleze," unapata shikamoo yako inajibiwa na basi.

Jumapili moja sikwenda kazini. Nikageuza ndoo, nikakaa karibu na jiko naota moto. Sikuuliza kitu. Mama macho yako kwenye sufuria, anapuliza mkaa, mara akasema tu, "Baba yako aliondoka na koti la kaka yake. Nikamwambia, Chunya kuna joto, koti la nini? Akasema atalivaa siku ya kurudi, ili watu wamwone."

Sikumkatiza. Kwa jinsi ninavyojijua, ule ulikuwa muujiza.

Maharage yakaiva, hadithi ikakatika hapo hapo. Akapakua, akaanza kuuliza vitunguu viko wapi. Jumapili iliyofuata nikakaa tena kwenye ndoo yangu. Siku hiyo akanisimulia jinsi baba alivyowapa watu wa lori la tumbaku blanketi walilete nyumbani, na lile blanketi lilivyokuwa linanuka tumbaku mpaka mimi napiga chafya usiku na mchana. Jumapili ya tatu akanisimulia kwamba baba alirudi mara moja, siku nne tu, akaezeka upya jiko la nyuma. "Alikuwa anacheka sana," mama akasema. "Akicheka anafumba jicho moja, kama wewe." Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na ndiyo kwanza nasikia kwamba jicho langu lina mwenyewe.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu akarudi huko. Halafu siku moja nikaona mtu anakuja na baiskeli." Akafunua sufuria, akaponda punje moja kwa vidole. "Yameiva haya. Lete sahani."

Mtu wa baiskeli ikabidi asubiri Jumapili ijayo.

Wiki hiyo hiyo, mwenzangu wa meza ya jirani pale Mwanjelwa, anayeuza vyombo vya umeme vya mtumba kutoka nje, akafungua boksi, akatoa kitu kama kichwa cha roboti. Sufuria ya presha ya umeme, ya kisasa, inaunganishwa na simu. Unaweka vitu ndani, unakwenda zako kazini, ukiwa huko huko unabonyeza, inapika. Ikimaliza inakutumia ujumbe.

"Maharage dakika arobaini," akaniambia. "Wewe unamtesa mama wa watu na mkaa, moshi, goti. Fundi mzima!"

Hapo kwenye "fundi mzima" ndipo aliponimaliza. Nikainunua. Aplikesheni yake ilikuwa ya Kiingereza tupu, inauliza maswali mengi, na mimi kila lilipokuja swali nikajibu ndiyo. Ilikuwa inauliza kama nataka taarifa za kila kitu. Ndiyo. Kifuniko kikifunguliwa nijulishwe? Ndiyo. Nilikubali mambo mengi siku ile, nashukuru haikuniuliza kama nataka kuoa mke wa pili.

Siku ya kwanza tulijaza nyumba. Wapangaji wote wakaja kuona. Mama kakaa kwenye kochi, mikono mapajani. Sufuria ikamaliza, sauti ya mwanamke ikatoka ndani yake, ya Kizungu, laini. Mama akainama kidogo kwa heshima akaijibu, "Kamwene, mama."

Tulicheka! Jirani wa Kinyakyusa akacheka mpaka akashika ukuta. Mama naye akacheka, lakini akawa wa kwanza kuacha.

Maharage yalikuwa yameiva, siwezi kusema uongo. Mke wangu akafurahi, alikula akalala mapema. Mkaa tukaacha kununua. Na mimi nikawa mtu mwingine kabisa. Asubuhi namwambia mama, "Mama, wewe kazi yako kuosha na kumwaga humo, usiguse kitu. Pumzika." Saa tano nikiwa kwenye stuli yangu nabonyeza, naonyesha wateja. "Unaona? Sasa hivi Ilomba kunachemka."

Tatizo, mama alikuwa anafunua. Miaka yake yote anafunua sufuria ananusa, leo umwambie asifunue? Kabla presha haijapanda anafungua, na akifungua tu, sufuria inasimama, simu yangu inalia. Mimi nampigia hapo hapo, sauti juu, wenzangu wasikie.

"Mama, umefunua sufuria?"

"Umejuaje?"

"Naona kila kitu huku!"

"Nilikuwa naangalia maji tu, baba."

"Maji yanatosha, imepimwa. Funga, niiwashe tena."

Mwenzangu wa meza ya jirani anapiga meza kwa kicheko. "Bibi kakamatwa! Bibi kakamatwa tena!" Ikawa mchezo wetu wa kila siku. Simu ikilia tu, wanaita, "Mpigie, mpigie!" Mimi nampigia. Nilikuwa naigiza sauti yake, ile "umejuaje," naifanya nyembamba hivi. Watu walikuwa wanatoka maduka ya mbele kuja kusikiliza. Nilikuwa nasifiwa kwamba nachekesha, na mimi ukinisifia hivyo naweza kuuza hata ndugu yangu.

Baada ya wiki mbili simu ikaacha kulia. Nikasema mama kaelewa teknolojia.

Kumbe akishamwaga maharage asubuhi, hata jikoni haingii tena. Jirani ndiye aliyekuja kuniambia, siku moja nanawa miguu bombani. "Bibi yetu siku hizi anakaa ndani tu na televisheni, na anaizima sauti. Nimemwambia njoo tukae nje, anasema akae nje anafanya nini?" Nikamjibu, "Anapumzika huyo, amefanya kazi sana." Jirani akaniangalia, akachukua ndoo yake.

Na Jumapili? Jumapili nilikuwa nyumbani, ndiyo. Nikakaa karibu na mama kwenye kochi, nikamwambia, "Mama, ulisema mtu wa baiskeli." Akasema, "Mtu gani?" Nikasema yule, aliyekuja baada ya baba kurudi Chunya. Akavuta kitenge. "Ni mambo ya zamani hayo, baba." Sufuria ikalia ndani, ile sauti ya mwanamke, dakika arobaini zimeisha. Tukala. Baada ya kula tulibaki na mchana mzima mkononi, mrefu, mtupu, na kila mmoja akautumia anavyojua. Mimi niliutumia kuangalia video za watu wanaanguka.

Mwezi ule mama akasema goti limepona, anataka kwenda kuangalia shamba lake. Nikamwambia huku hufanyi kazi yoyote, unarudi kufanya nini? Akasema, "Ndiyo hivyo." Nikampeleka stendi.

Nilimfuata mara moja tu, baada ya mavuno. Nilipanda basi la usiku nikafika asubuhi, nimepanga kurudi siku hiyo hiyo, kwa sababu fundi akilala nje ya mji wateja wanahamia kwa mwingine, si ndivyo tunavyojidanganya. Mama akafurahi, akachambua maharage mapya, akabandika kwenye mafiga. Mimi nikakaa kwenye gunia. Moto ukashika, moshi ukatutoa machozi wote wawili. Baada ya muda mrefu, bila kuniangalia, akasema, "Yule wa baiskeli alikuwa hanijui. Alikuwa anauliza nyumba hadi nyumba, ana koti mkononi."

Nikalisogeza gunia karibu na moto.

Simu ikaita. Mteja, simu yake ninayo mimi, anasafiri kesho, anataka nimwambie kwa nini meza yangu imefunikwa. Nikatoka nje kuongea. Niliporudi nikaangalia saa, nikaona nikikosa basi la mchana nimekwisha. Sufuria ilikuwa ndiyo kwanza inachemka.

"Mama, ngoja nikimbie. Nitakuja wiki mbili hizi tukae vizuri."

"Bado kidogo tu, baba. Yanalainika."

"Nitakula siku nyingine."

Akafunua, akaninusisha mvuke wake, maana hakuwa na kingine cha kunipa. "Haya. Ukija nitakumalizia."

Sikwenda wiki mbili zile. Sikwenda na zilizofuata. Niseme nini, hakukuwa na sababu ya maana. Hakuna aliyeumwa, hakukuwa na mafuriko. Nilikuwa nampigia, nasema nakuja, yeye anasema karibu. Dada yangu anayekaa Iringa mjini ndiye aliyekwenda akamkuta mama ameacha moto unawaka, yuko barabarani hajui njia ya kurudi. Akamchukua kwake.

Nilipokwenda kwa dada safari hii nilichukua likizo ya kweli, nikafunga meza siku tatu. Nilimkuta mama kakaa mlangoni kwenye jua, kapungua, lakini msafi, kasukwa. Akanisalimia vizuri sana, kama mgeni wa heshima. Dada alikuwa na maharage yake kwenye jiko la mkaa nje, akaniomba nimwangalizie, anakwenda dukani. Nikavuta kigoda. Nikakaa karibu na mama, tukaangalia sufuria pamoja. Sikuharakisha. Nusu saa nzima nikawa nachochea mkaa tu, na simu nilikuwa nimeizima, kwa kuchelewa kwangu kulekule.

Halafu nikamwambia polepole, "Mama. Yule mtu aliyekuja na baiskeli, ana koti mkononi. Alisemaje?"

Akafikiria. Alijitahidi, niliona.

"Koti ni la baba yako," akasema. "Kaenda nalo Chunya."

"Ndiyo, mama. Halafu?"

"Halafu anarudi nalo." Akanyoosha shingo kuangalia barabara, akageukia sufuria. "Ongeza maji humo, wewe kijana. Ametoka mbali yule, atakuja na njaa."

Nikachukua kikombe. Nikamwaga kimoja. Akaniambia bado. Nikamwaga cha pili, na cha tatu, mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba sasa sawa, akaegemea mlango, akatulia.

Dada aliporudi akafunua, akaguna, akauliza ni nani kayaharibu maharage yake kwa maji yote haya. Nikamwambia ni mimi.