Mapanga ya Harusi ya Dada Skola

Harufu ya ndizi zilizoivia shimoni, tamu na yenye moshi kidogo, inanichefua mpaka leo, ingawa kwetu Kasulo ndiyo harufu ya harusi. Mwaka alioposwa dada yangu Skola, vita vilikuwa vinawaka ng'ambo ya mpaka na wakimbizi wamejaa Ngara. Mmoja wao, Laurenti, alikuwa akitulimia shamba huku akingoja kutulie arudi kwa mama yake na mdogo wake. Siku ya kukata ndizi za rubisi, pombe ya harusi, majirani walikuja asubuhi na mapanga yao, kama ilivyo desturi, wakaingia kwenye migomba wakiimba. Laurenti alitangulia, maana kwa sauti hakuna aliyemfikia.

Mgeni mmoja mwenye kamera, aliyekuja kuwapiga picha wakimbizi, akasimamisha gari. Baba alifurahi kupita kiasi. Kwetu mgeni hanyimwi kitu, kwa hiyo alipoomba warudie, baba akapaza sauti: "Rudini nyuma, muingie tena! Inueni mapanga, mgeni aone vizuri!" Wakarudia mara tatu, na mara ya tatu baba mwenyewe akaingia mstarini. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mgeni akaondoka kabla hata mkungu mmoja haujakatwa.

Skola alikuwa ameshakwenda kwa mumewe siku Bwana Athumani alipotuita dukani kwake, mjini Ngara, kwenye televisheni yake. "Mzee Deo, hebu njoo ujione," akamwambia baba. Wimbo wetu ulikuwa umeondolewa, pamewekwa milio ya risasi, na mtangazaji wa upande mmoja wa vita akisema hawa ni wauaji wanaojiandaa kuvuka mpaka. Wiki haikuisha, upande wa pili nao ukaonyesha picha zilezile, ukawaita mashujaa wake. Baba akaenda ofisini kwa mkuu wa wilaya kueleza. Wakamwuliza ana ushahidi gani. "Waulizeni waliokunywa hiyo pombe," akajibu, wakamcheka.

Mwezi huohuo Laurenti akapata habari kwamba mdogo wake amechukuliwa nyumbani, akiambiwa kaka yake ameonekana na panga. Mdogo huyo hakuonekana tena. Laurenti hakuthubutu kurudi kwao. "Mzee, si kosa lako," alimwambia baba, na baba akalia mbele yetu. Mimi nasema lilikuwa kosa, na linaniuma kwamba aliyeponzwa nalo ni mtu asiyewahi kukanyaga Kasulo.

Sasa nafundisha Biharamulo. Zamani uongo ule ulihitaji gari, kamera na dishi. Leo kila mtu anao mfukoni, na kila vita vinapozuka mahali, picha zetu huzuka navyo, zikipewa jina la nchi nyingine. Mwezi uliopita nilizikuta tena kwenye simu. Baba ameshafariki, nikaona angalau nimsemee. Nikaandika chini ya picha hizo: "Huyo mwenye kofia ni baba yangu. Walikuwa wanakwenda kukata ndizi za harusi."

Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: "Kumbe wewe ni mtoto wa muuaji. Unaishi wapi?"