Ndugu Yangu Aliyekunywa Jeometri

Watu wa Kasongo wakimwona mwalimu Alimasi anapita na suruali yake iliyopigwa pasi, wanasema, "Huyo alizaliwa na akili." Uongo mtupu! Mimi Mwamvita ni dada yake mkubwa, ndiye niliyemlea tangu mama yetu afariki, na ninawaambia: Alimasi alizaliwa na woga.

Woga wa mtihani tu. Nyoka alimuua kwa jembe bila kupepesa jicho. Lakini mpe karatasi nyeupe, direkta wa shule asimame nyuma yake, basi, jasho mpaka kwenye viatu. Mwaka wa hamsini na sita alianguka mtihani. Shule ya serikali ilikuwa mpya, sisi Waislamu wa mjini tulikuwa tumeingoja miaka na miaka, na sheria yake ilikuwa moja: mwanafunzi anarudia darasa mara moja. Akianguka tena, afungashe. Baba alikuwa ameshaamua kwamba akifukuzwa ataenda Nyangwe kushusha samaki kwenye mitumbwi ya mjomba. Na Alimasi alitaka kuwa mwalimu, hakutaka kingine.

Sasa sikieni alichofanya. Mwaka ule wa kurudia, kabla ya mtihani wa Pasaka, alichukua ubao wake wa chuo cha Kurani, ule wa mbao ambao utotoni tuliandikia aya kwa mwalimu wetu wa chuo, Ismaël. Akaandika juu yake jeometri yote iliyoweza kuenea, akaiosha, akanywa yale maji. Kwetu mtu akiugua homa, mwalimu humwandikia aya kwa wino wa masizi ya mchele, zinaoshwa, mgonjwa anakunywa, ndiyo kombe. Mdogo wangu akaona dawa ni dawa. Ila yeye alitumia wino wa shule! Asubuhi akaja kuniamkia, ulimi buluu kama kitambaa changu cha sikukuu.

"Alimasi, umekula nini?"

"Hapana kitu, yaya." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Panua kinywa. Aka! Umekunywa wino?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kicheko kilikwisha aliporudi na alama tatu juu ya ishirini, maana nusu ya mtihani aliifanyia chooni.

Nikamshika mkono mpaka kwa mwalimu Ismaël, ambaye alikuwa fundi cherehani pia. Hakucheka. Aliendelea kukanyaga cherehani yake.

"Kombe iko dua ya mugonjwa," alisema. "Wewe hukuwa mugonjwa. Ulikuwa muvivu wa kukariri. Kwangu hapa, ubao unaoshwa lini?"

Alimasi akainamisha kichwa. Wote tuliopita chuoni tunajua: ubao unaoshwa siku umeusoma mbele ya mtu bila kuuangalia. Kabla ya hapo, hata mwezi upite, maneno yanabaki palepale.

"Fanya vilevile na Kifaransa yako. Na karatasi nyeupe isikutishe. Ubao ukiwa mweupe, maana yake maneno yamekwisha kuingia ndani."

Tangu siku ile, kila alasiri, somo moja la shule ubaoni, kwa Kifaransa, si mawili. Mimi nakaanga mikate ya mchele, ubao nimeuegemeza magotini, yeye anasimama ng'ambo ya moto na kusoma kwa moyo. Kifaransa sikukijua hata neno, lakini kusita nakujua. Akisita, nasema, "Rudi nyuma."

"Yaya, wewe hauelewe hata kitu!"

"Na wewe je? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rudi nyuma."

Alinuna, akarudi. Kuna ubao mmoja ulikaa siku nne. Hakukata tamaa, na mimi sikumwonea huruma.

Jioni ya kuamkia mtihani mkubwa wa mwisho wa mwaka, somo lilikuwa la duara. Akasita mara tatu, mahali palepale. Kisha akachukua kata ya maji. Nikauficha ubao mgongoni.

"Hauoshwi."

"Mutihani iko kesho, yaya!"

"Basi kesho utausoma kulekule."

Asubuhi aliondoka bila kuniaga. Niliunguza mikate mitatu, nikajisema, Mwamvita, kwa ukali wako umemharibia mtoto wa mama yako.

Adhuhuri akarudi. Haki ya Mungu, nilimtazama ulimi kwanza! Baadaye alinieleza kwamba karatasi ilikuwa nyeupe, direkta nyuma yake. Akaweka kalamu chini, akajiambia kwamba huu ni ubao uliooshwa, akaanza kuandika tangu pale nilipozoea kumwambia rudi nyuma. Lakini saa ile alikwenda pembeni, akatwaa ubao, akanipa niushike, maandishi yakinielekea mimi. Akafumba macho. Akasoma duara lote, mwanzo mpaka mwisho, na mimi nikangoja kusita kwake, nikangoja, hakusita.

Ndipo akachukua kata, akaosha ubao taratibu, akamwaga maji shinani mwa mpapai. Nikalia, sikuona haya.

Majina ya waliofaulu yalisomwa Jumamosi uwanjani pa shule, na mtaa mzima ulikimbia kwenda kusikiliza. Mimi sikwenda. Nilikuwa na mikate motoni, na nilikuwa nimeshajua.