Walidhani ni Malaria

Watu wa Bwera, mji wetu mdogo mpakani mwa Uganda na Kongo, waliniita Afande, nami sikuwakataza. Sikuwahi kuwa mwanajeshi. Nilikuwa mlinzi wa ghala la kahawa kwa miaka miwili, chini ya mwanajeshi mstaafu aliyetuongoza kwa filimbi na matusi. Nilipoanza kufundisha watu mazoezi asubuhi kwenye ua wa ghala lile lile, nilichukua filimbi ya yule mzee na mdomo wake pia. Watu walipenda. Mtu akikaripiwa kidogo huona anafundishwa kweli.

Kila Jumamosi nilikwenda mjini Kasese kwenye kozi ya walimu wa mazoezi, maana nilitaka cheti cha kutundika ukutani. Mwalimu wetu, mama aliyefanya kazi ya kunyoosha viungo hospitalini miaka mingi, alituchorea nyuzi za msuli ubaoni. Alisema msuli ukilazimishwa kazi usiyoizoea, nyuzi zake hupasuka, vilivyomo vikamwagika kwenye damu, na figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuvichuja.

"Mukiona mukojo iko rangi ya kola, mukimbie hospitali," alisema. "Na sindano za maumivu, hapana. Zinaongezea figo taabu."

Niliandika yote kwa ajili ya mtihani. Wakati wa chai niliwaambia wenzangu kwamba hayo ni magonjwa ya watu wa ofisini. Wetu hubeba magunia tangu utotoni. Walicheka, nikaona nimesema la maana.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwanafunzi mpya, mama wa watoto watatu anayeuza vitenge karibu na mpaka. Alichelewa robo saa. Kwangu, aliyechelewa alichuchumaa na kusimama mara mia tatu, awe mgeni au mwenyeji. Alipofika mia na hamsini mapaja yake yalikuwa yanatetemeka.

"Afande, mimi nashindwa."

"Endelea! Mwili ni mwongo!"

Nilihesabu kwa sauti mpaka mia tatu. Wenzake walimpigia makofi, naye akacheka huku ameegemea ukuta. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Jumatano asubuhi mume wake, mpakiaji wa malori, alinipigia simu.

"Mwalimu, bibi yangu iko mubaya. Hawezi kukunja miguu. Anakojoa nyeusi kama kola. Tuko kwa kliniki, wanasema ni malaria. Amesema nikuambie kesho hatakuya mazoezi."

Hata katika hali ile alikuwa ananiomba ruhusa. Nilipanda bodaboda bila kuuliza nauli.

Kliniki walikuwa wameshampima. Kipimo cha malaria kilionyesha mstari wa pili wa kusema malaria ipo, hafifu, kama unavyoweza kuonekana kwa mtu wa huku aliye mzima kabisa. Wote walikuwa wameridhika nao. Mama wa vitenge alilala chali, mapaja yamevimba, yamekaza, hataki hata shuka limguse. Kwenye kopo chini ya kitanda mlikuwa na mkojo wake wa jana, waliokuja nao kutoka nyumbani. Niliutazama, nikajua.

Nikasimama mlangoni, nikaiombea malaria. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimwomba Mungu mwanamke yule awe na malaria kali, ya kumlaza wiki nzima, ili nisiwe mimi. Niliwaza cheti. Niliwaza mabega ya mume wake, aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Wakati huo daktari, kijana mpole, alivunja kichupa cha dawa ya maumivu, akaivuta kwenye sindano, akachovya pamba kwenye spiriti.

"Daktari, usimuchome."

Akageuka. "Kwa nini?"

"Misuli yake imepasuka. Ni mimi. Nilimuchuchumisha mara mia tatu."

"Amezoea mazoezi?"

"Ilikuwa siku yake ya kwanza. Aliniambia ameshindwa. Nikakataa."

Mume wake alisimama. Nilingoja ngumi, na nadhani ningeipokea kwa shukrani, lakini alibaki amesimama tu. Daktari aliweka sindano kando, akauliza mgonjwa alikojoa lini mara ya mwisho. Jana jioni, mume alijibu. Daktari akamtundikia dripu, akaita gari la kukodi.

Tulikwenda Kasese mgonjwa amelazwa kiti cha nyuma, nami nimejikunja miguuni pake nikishika chupa ya dripu juu. Mume alikaa mbele, hakugeuka. Kwenye njia panda ya Kikorongo lori lilikuwa linarudi nyuma katikati ya barabara, tukasimama, na nilihesabu matone ili nisipige kelele. Mkono ulikufa ganzi, nikauacha pale pale juu.

Hospitalini daktari alisema figo zimeelemewa, na ikiwa mkojo hautatoka mpaka jioni, itabidi apelekwe mbali kusafishwa damu kwa mashine. Ulitoka saa kumi na moja, kidogo, mweusi. Siku zilizofuata ukawa kama chai, kisha ukapauka.

Siku ya sita nilikwenda na maziwa. Nilimkuta mume nje ya wodi, nikamwomba msamaha.

"Daktari anasema bila mudomo yako, tungemuzika," alisema. "Kwa hiyo, asante. Ile ingine, Mungu atakusamehe. Mimi, bado."

Akapokea maziwa, akaingia ndani kwa mke wake.