Udongo wa Nyuma ya Jiko

Sokoni leo kuna mama anauza udongo wa kula, na harufu yake imenirudisha nyuma ya jiko letu, pale mbwa wetu alipozalia. Udongo wa pale ulikuwa laini na wa baridi. Nilikuwa naumega chini ya ukuta, nusu yangu, nusu ya mdogo wangu, huku watoto wa mbwa wakituramba miguu.

Kisha jicho moja la mdogo wangu likawa halioni. Hospitalini nilikaa kwenye benchi, nimebanwa kati ya mama na ukuta. Daktari alisema ni minyoo ya mbwa. Mayai yake hukaa kwenye udongo, watoto wengi huyameza wala wasijue, ila kwa mtoto huyu, mnyoo umefika jichoni.

“Huwa anakula udongo?”

“Hapana,” mama alijibu, kisha akanigeukia. “Au wewe umewahi kumwona?”

Nilitikisa kichwa kukataa. Mkono wa mama ulibaki begani mwangu, mzito, mpaka tukaitiwa dawa.

Sasa, hapa sokoni, mdogo wangu amenishika mkono. Anageuza kichwa chote ili anione.

“Dada, tununue?” anauliza. “Si ulikuwa unanigawia?”