Shimo Lilipofungwa

Juzi, kwenye bureau ya serikali hapa mjini Baraka, nilimkuta mjane mmoja mbele ya karani. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Bwana karani, ile shimo ya maji machafu pembeni ya nyumba yangu, juu ya nini muliifunga?"

Karani alishangaa. "Mama, si we mwenyewe ulilalamika juu ya harufu?"

"Nililalamika, ndiyo. Lakini bale bafundi ba kuisafisha balikuwa banapita kila juma, banasema, 'Jambo, mama.' Sasa harufu iliisha, na bantu baliisha."

Karani aliweka kalamu chini, akamsogezea kiti. Mama alikaa mpaka bureau ilipofungwa.

Wabelgiji wanaotutawala wametuhamishia maji machafu mbali na mji. Salamu za mjane, naona, zimekwenda nayo.